Tuandike kilichofanyika: rekodi za matengenezo na pesa za madaraja yetu

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha watu wa barabara, madiwani wakiwepo. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, nimepunguza marudio tu.)

Waheshimiwa madiwani, mabosi zangu, mhasibu wetu, mafundi wenzangu mnaoshinda na jua, na wazee wetu mliokubali kuja kutusikiliza, shikamooni, na kwa wengine habari za asubuhi. Nimeambiwa niongelee madaraja. Ni mada kubwa, lakini muda wangu wote ntautumia kwenye kitu kimoja tu, karatasi za matengenezo. Zile zinazojazwa kazi ikiisha, zinaambatanishwa na cheti cha malipo, mkandarasi akishalipwa zinaingia kabatini na hazitoki tena.

Naomba nianze na swali, na msinijibu kwa sauti, kila mtu ajijibu moyoni. Chukua daraja lolote unalolifahamu vizuri kwenye eneo lako. Lina hali gani? Hilo wengi mtajibu, maana ukaguzi tunafanya. Sasa jointi zake, yaani ile mianya kati ya sehemu za daraja, zilibadilishwa lini mara ya mwisho? Zilibadilishwa mita ngapi? Mita moja ilikula shilingi ngapi? Na kabla ya hapo zilibadilishwa lini? Hapo ndo wengi tunakwama, na hapo hapo ndo bajeti yetu inakwama, kwa sababu hali ya daraja leo inakwambia linaumwa kiasi gani lakini haikwambii litakugharimu nini miaka mitano ijayo.

Mama akienda kliniki na mtoto anabeba kadi. Kwenye kadi kuna uzito wa kila mwezi na kuna chanjo na dawa alizopewa, vyote kwenye kadi moja. Madaraja yetu mengi yana karatasi ya uzito kwenye ofisi moja na karatasi ya dawa kwenye ofisi nyingine, alafu tunategemea daktari abashiri.

Ngoja niwapeleke Marekani kidogo, mji wa Pittsburgh, kwa sababu kilichotokea kule kimeandikwa chote na kila mtu anaweza kujifunza. Kuna daraja linaitwa Fern Hollow, linapita juu ya bonde lenye miti kwenye hifadhi ya mji, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tarehe 28 Januari 2022, asubuhi kabla ya saa moja, baridi na theluji, daraja lote likaanguka bondeni na basi la abiria likiwa juu yake na magari madogo kadhaa. Watu waliumia ila kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa, na siku hiyo hiyo rais wao Joe Biden alikuwa na safari ya kwenda mji huo huo kuongelea miundombinu.

Sasa sikilizeni hapa. Daraja lile lilikuwa linakaguliwa. Tena vizuri tu, picha zipo, ripoti zipo. Lilikuwa limeshapewa hali mbaya kwa miaka mingi na lilikuwa na kibao cha kuzuia magari ya zaidi ya tani 26. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipomaliza uchunguzi mwaka 2024 ilisema kilichokatika ni bamba la chuma kwenye mguu mmoja wa daraja, limeliwa na kutu, na limefika pale kwa sababu mapendekezo ya matengenezo yalikuwa yanaandikwa ripoti baada ya ripoti na mwenye daraja hakuyafanyia kazi. Chuma chenyewe kilikuwa cha aina ile isiyopakwa rangi, ambayo inajitengenezea kutu ya juu inayokinga chuma cha ndani. Chuma hicho ni kizuri sana kwa sharti moja tu, kipate kukauka. Pale mitaro ya kutolea maji ilikuwa imeziba, majani na matope yanajaa kwenye miguu, maji yanatuama, kutu inaendelea kula mwaka hadi mwaka. Yaani kazi iliyokuwa inapendekezwa kwanza ni kuzibua na kusafisha, koleo na maji.

Najiuliza kila nikisoma habari ile: ingekuwa kuna karatasi moja tu mbele ya meza ya anayepanga pesa, ina safu inasema "kuzibua mitaro ya daraja hili: limependekezwa mara ya ngapi, limefanyika mara ngapi", si angeona? Ripoti ya ukaguzi ya mwaka huu ukiisoma peke yake inaonekana ya kawaida, daraja kuukuu lina mapungufu yake kama madaraja mengine. Ukiziweka zote mstari mmoja na ukakuta pembeni kwenye matengenezo hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, hapo ndo unashtuka. Ule mstari usio na kitu nao ni rekodi. Kwahiyo ombi langu la kwanza, na mtaona nitalirudia, tuandike na ambacho hakikufanyika. Kilipendekezwa, hakikufanyika, sababu ni hii, hela haikuja au mvua iliwahi au mkandarasi hakupatikana. Usiache wazi, kwa sababu atakayekuja baada yako akikuta pako wazi hajui kama kazi haikufanyika au ilifanyika haikuandikwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye hesabu.

Na kuna jambo lingine kwenye daraja lile ambalo watu wengi hawaliongelei ila mimi naona linatuhusu sana sisi. Wachunguzi walikuta lami iliyokuwa juu ya daraja ni nene karibu mara mbili ya ile iliyotumika kwenye hesabu za uwezo wa kubeba mzigo. Hesabu zilisema daraja linabeba kiasi fulani, lakini zilikuwa zinahesabu daraja jepesi kuliko lililosimama pale. Mafundi mnajua inavyokuwaje kwetu. Barabara inawekwa lami mpya, mtambo unakuja unafika kwenye daraja, unapita moja kwa moja, kwa sababu kusimama na kukwangua lami ya zamani ni kazi na ni gharama. Tufanye hesabu pamoja hapa. Daraja la urefu wa mita 30, upana mita 8, umeongeza sentimita 5 za lami. Hiyo ni mita za ujazo 12. Mita moja ya ujazo ya lami ina uzito wa zaidi ya tani mbili, tuseme 2.3, kwahiyo umeweka karibu tani 28 juu ya daraja, na tani hizo hazipiti kama lori, zinakaa usiku na mchana mpaka siku utakapozitoa. Kwenye karatasi za barabara imeandikwa vizuri kabisa, kilomita kadhaa zimewekwa lami, hongera. Kwenye faili la daraja hakuna hata mstari.

Minneapolis nako, huko huko Marekani, tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara ya I-35W juu ya mto Mississippi lilianguka jioni watu wakitoka kazini, wakafa 13 na wakaumia 145. Chanzo kikubwa kilikuwa makosa ya usanifu, mabamba yanayounganisha vyuma yalikuwa membamba kuliko inavyotakiwa tangu siku ya kwanza. Lakini daraja lilikuwa limesimama miaka 40 na mabamba hayo hayo, na katikati hapo liliongezewa zege la juu mwaka 1977, kingo zikabadilishwa 1998, na siku lenyewe linaanguka kulikuwa na mafundi wanafanya ukarabati, kokoto na mchanga na mashine vimelundikwa juu yake. Kila tengenezo lina uzito wake, na uzito usipoandikwa kwenye faili la daraja unakuwa haupo kwenye akili ya mtu yeyote.

Sasa nije kwenye pesa, maana najua waheshimiwa hapa ndo mnaposubiri.

Wamarekani wana daftari la taifa la madaraja, zaidi ya madaraja laki sita, kila moja lina namba yake, na sehemu zake kubwa, yaani deki, ile sakafu ya juu magari yanapopita, mihimili, na nguzo na misingi, zinapewa alama kuanzia 0 mpaka 9. Ukaguzi kwa kawaida ni kila baada ya miezi 24. Walianza utaratibu huu baada ya daraja la Silver Bridge kuanguka Desemba 1967 kwenye mto Ohio na kuua watu 46, sheria ikatungwa, viwango vya ukaguzi vikatoka 1971. Leo wana miaka na miaka ya alama. Na hata wao, na data zote hizo, wana tatizo ambalo nataka mlielewe vizuri kwa sababu sisi bado tuna nafasi ya kuliepuka mapema.

Tatizo lenyewe ni hili. Alama zinaonyesha hali, hazionyeshi kilichofanyika. Daraja lilikuwa na alama 6, likashuka 5, likashuka 4, alafu ghafla mwaka unaofuata lina 7. Daraja haliponi lenyewe. Ama lilikarabatiwa, ama mkaguzi amebadilika na huyu mpya ana jicho lingine, na hilo la jicho lipo kweli, serikali yao ilifanya utafiti ukatoka mwaka 2001, wakaguzi tofauti wakapelekwa kwenye madaraja yale yale na alama zikatofautiana. Sasa wewe unayekaa na kompyuta kutengeneza makisio unafanyaje na ile 7? Wengine wanaifuta. Wengine wanaichukulia kama ilivyo. Njia zote mbili zinakudanganya.

Chukulia mfano, ni mfano tu wa kufikirika, madaraja kumi yanayofanana, yamejengwa mwaka mmoja, mto mmoja, magari yale yale. Manne katika hayo yalibadilishwa jointi na kuzibwa nyufa, ila hakuna aliyeandika. Baada ya miaka ishirini unachukua wastani wa alama za yote kumi, unaona ah, aina hii ya daraja inachakaa taratibu, haina shida. Unapanga pesa kidogo. Mkubwa anaona pesa kidogo ndo inatosha, anazipunguza zaidi, yale matengenezo madogo ya yale manne yanasimama, na ndani ya miaka michache madaraja yote kumi yanaanza kudai pesa kwa pamoja. Wastani ulikuwa umebebwa na kazi za mikono ambazo hazikuandikwa popote. Fundi alifanya kazi nzuri, na ile kazi yake nzuri kwa kutoandikwa ikageuka kuwa sababu ya kunyimwa hela. Hilo linaniuma sana, na ndo maana nimeomba mafundi wawepo kwenye kikao hiki na sio maofisa peke yao.

Kumbe ukiwa na tarehe ya tengenezo, unajua alama ilipanda kwa sababu gani, unajua na tengenezo hilo lilidumu muda gani kabla alama haijaanza kushuka tena. Hapo umepata kitu ambacho huwezi kukinunua dukani: umri halisi wa tengenezo kwenye mazingira yako, kwa maji yako, kwa malori yako, na sio umri ulioandikwa kwenye katalogi ya mwenye kiwanda.

Ngoja nishike jointi, maana ndo kidogo kinacholiza kikubwa. Jointi ni ule mwanya kati ya deki na deki, au deki na ukuta wa mwisho wa daraja, unaoruhusu zege kutanuka na kusinyaa. Ukisimama juu unaona mpira umechomoka kidogo, vumbi na vijiwe vimejaa, gari likipita linagonga "tdu", unasema aah bado. Shuka chini. Chukua tochi, ingia pale mihimili inapokalia ukuta. Utakuta mstari mweusi wa maji umeshuka ukutani kutoka kwenye ule mwanya, matope yamejikusanya kuzunguka beringi, kile kikalio cha mhimili juu ya ukuta, kuna majani yameota, na ncha ya mhimili imeanza kupasuka zege na nondo inaonekana nyekundu. Beringi ambayo ilitakiwa iteleze imeshikwa na uchafu haitembei tena, kwahiyo jua likiwaka daraja likitaka kutanuka linasukuma ukuta. Gharama ya jointi mpya ni ndogo. Gharama ya kunyanyua daraja kwa jeki ubadilishe beringi, uchonge ncha za mihimili na kuzijenga upya, huku magari yamechepushwa, hiyo ni habari nyingine. Na barabara nyingine huna hata pa kuchepushia.

Kwahiyo ukiandika, usiandike "matengenezo ya daraja". Hilo ndo neno linaloua rekodi zetu zote. Nimeona faili, sitaji la wapi, lina mstari mmoja wa "matengenezo ya madaraja" na jumla moja ya pesa kwa madaraja kumi na kitu. Mhasibu ameridhika, mkaguzi wa hesabu ameridhika, risiti zipo, kila kitu ni halali. Ila kwa mtu wa makisio ile karatasi haina kitu. Andika daraja gani, kwa namba yake na sio kwa jina tu, maana daraja moja huku linaitwa la shule, kule linaitwa la kwa mzee fulani, na kwenye ramani lina jina la mto. Piga na pointi ya GPS, simu zenu zote zinaweza. Andika sehemu gani, jointi ya upande gani, nguzo ya ngapi ukihesabu kutoka wapi. Andika kiasi, mita ngapi, mifuko mingapi, kilo ngapi za nondo. Andika bei ya kila kipande. Alafu piga picha kabla na baada, umesimama pale pale.

Kiasi ndo muhimu kuliko pesa, naomba mnielewe. Ukiniandikia tu kwamba mwaka 2016 kazi ile ilikula milioni kadhaa, leo sijui nifanye nini na hiyo milioni, saruji imepanda, dizeli imepanda, nondo imepanda na haikupanda sawasawa na saruji. Ila ukiniandikia ilikuwa mita 16 za jointi, mifuko ya saruji kadhaa, siku nne za mafundi sita, na mtambo ulikodishwa siku mbili, mimi naweka bei za leo napata gharama ya leo, na mwakani naweka bei za mwakani. Shilingi inazeeka, mita haizeeki.

Na gharama za maandalizi zitenganishwe. Mkandarasi kusafirisha mitambo, kuweka kambi, kutengeneza mchepuko, mabango, watu wa bendera, hizo ziandikwe pembeni. Kwa nini? Kwa sababu kwenye daraja dogo mara nyingi hizo ndo zinakula hela kuliko tengenezo lenyewe, na usipozitenganisha utaona mita moja ya jointi kwenye daraja hili ni ghali kupindukia na kwenye lile ni rahisi, utafikiri kuna mtu ameiba, kumbe lile la pili lilifanywa pamoja na mengine manne kwenye safari moja. Ukishaliona hilo kwenye rekodi unajua cha kufanya, unayafunga madaraja ya ukanda mmoja kwenye zabuni moja. Hiyo ni pesa inayookolewa bila kuongezewa bajeti, na huwezi kuiona bila karatasi.

Tukishakuwa nazo, makisio yanakuwaje? Niwape mfano mwingine wa kufikirika. Rekodi zinaonyesha jointi za daraja fulani zilibadilishwa 2013, 2018 na 2023. Hata bila kompyuta unaona zinadumu kama miaka mitano. Unajua mita ni ngapi, unajua bei. Basi 2028 hela hiyo iwepo kwenye mpango kuanzia sasa, na sio isubiri daraja lipige kelele. Tena unaweza kuuliza swali la maana zaidi, kwa nini miaka mitano tu? Madaraja mengine ya barabara hiyo hiyo jointi zinaenda hata kumi. Labda ni malori yanayotoka machimboni, labda ni mwinuko wa lami pale gari linapoingia darajani linaruka na kutua juu ya jointi. Ukirekebisha ule mwinuko mara moja umejipunguzia tengenezo la kila mara. Fanya hivyo kwa kila sehemu ya kila daraja, jumlisha mwaka kwa mwaka, unapata orodha ya miaka kumi ijayo, na utaona mwaka fulani una mlima wa gharama kwa sababu madaraja mengi yalijengwa kipindi kimoja na yanachakaa pamoja. Mlima huo ukiuona mapema unaanza kuusambaza, mengine unayawahisha, mengine unayasogeza. Ukiuona mwaka wenyewe umechelewa.

Linganisha na tunavyofanya wengi wetu, bajeti ya mwaka jana ongeza asilimia kumi. Ile asilimia haijui daraja lipo wapi.

Na msiogope kupeleka makisio yenye kiwango cha chini na cha juu. Ukimpelekea mweshimiwa namba moja iliyonyooka na ikakosea hakuamini tena. Ukimwambia itakuwa kati ya hapa na hapa, na sababu ya tofauti ni kwamba hatujajua hali ya msingi wa nguzo mpaka maji yapungue, anakuelewa, watu wazima wanaelewa.

Kwetu hapa kuna jambo la mafuriko ambalo linataka daftari lake. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, watu wa kusini wakakaa bila njia. Wakubwa wetu wanaikumbuka Elnino ya 1997 na 1998, madaraja yalisombwa nchi nzima. Gharama za namna hii ni za kweli na ni kubwa, lakini ukizichanganya na gharama za uchakavu unaharibu hesabu zote mbili. Daraja lililosombwa na maji halikuzeeka, lilizidiwa. Kwahiyo matengenezo ya dharura yakae na alama yake, na yakiandikwa yaandikwe pamoja na maji yalifika wapi. Nenda wakati matope bado yako kwenye nguzo, pima kutoka juu ya deki mpaka alama ya matope, piga picha, ongea na wazee wanaokaa pale wakuonyeshe yalipofika mwaka ule mwingine. Na mchanga uliochimbwa chini ya nguzo pima kina chake kila baada ya masika, kamba yenye uzito inatosha kuanzia. Miaka kadhaa ya vipimo hivyo itakwambia ni nguzo gani inayochimbwa taratibu, na ni wapi mawe ya kuzuia mmomonyoko yawekwe kabla ya mvua nyingine.

Halafu kuna la muda. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, zabuni zikichelewa kazi inaanza Oktoba au Novemba na vuli ndo inapiga hodi, ukikosea kidogo masika inakukuta kati. Mtu mwenye rekodi ana kiasi chake tayari mwezi Machi, BOQ yake, yaani orodha ya kazi, viasi na bei, inaandikwa siku mbili kwa sababu anajua mita. Asiye na rekodi ndo anaanza kupeleka timu kupima mwezi Julai. Tofauti ya msimu mzima iko hapo.

Waheshimiwa, nchi yetu sasa inamiliki madaraja makubwa. Mkapa pale Rufiji lina mita 970, limefunguliwa 2003. Wami jipya mita 510. Kigongo hadi Busisi karibu kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025. Nafurahi sana kama mhandisi. Ila niliangalia Wami la zamani, lilijengwa 1959 na magari yakapita juu yake mpaka 2022. Miaka zaidi ya sitini. Hakuna mhandisi anayekaa kazini miaka sitini, na laptop ya mtu anayehamishwa huwa inahama naye. Barabara nazo zinahama mikono, TANROADS ya barabara kuu na za mikoa imeanza 2000, TARURA ya barabara za vijijini na mijini imeanza 2017, na anayepokea barabara ana haki ya kudai faili la kila daraja na anayekabidhi ana wajibu wa kulitoa, isainiwe kama funguo za nyumba zinavyosainiwa.

Najua mtauliza mfumo. Programu zipo, Wamarekani walianza na yao ikiitwa Pontis mwanzoni mwa miaka ya tisini, na zingine zimekuja baadaye. Ni nzuri. Ila programu inakula data, na bila data inatoa grafu za rangi ambazo hazina ukweli ndani. Sisubiri programu. Excel inatosha, na pale ambapo kompyuta hakuna, daftari la kaunta lenye mistari linatosha, mradi nakala ipigwe picha ibaki na mtu wa pili.

Kitu ninachoomba kutoka kikao hiki sio kikubwa. Kila mmoja achague madaraja matano, yale yenye magari mengi au yale ambayo likikatika kijiji kinabaki kisiwa. Chimbueni makabati, tafuteni vyeti vya malipo vya zamani, mwiteni fundi aliyestaafu mkae naye chini ya mwembe awaambie alichokumbuka, muandike kwamba hii ni kumbukumbu ya mtu na sio karatasi, ili atakayesoma ajue uzito wake. Mhasibu, kwako nina ombi maalum: cheti cha malipo cha daraja kisipite kama hakina namba ya daraja, sehemu na kiasi. Ukikikataa mara mbili tatu tu, mara ya nne kitakuja kimejazwa. Na nyie madiwani, likija ombi la hela za daraja ulizeni karatasi ya historia yake kabla hamjauliza bei.

Fomu ninayotumia mimi ina ukurasa mmoja, nimeacha nakala pale mlangoni. Ina safu ya kazi iliyofanyika na ina safu ya kazi iliyopendekezwa ikaachwa. Hiyo ya pili mtaanza kuijaza masika haya yakiisha, maji yakishuka, mtu wa kwanza ataingia chini ya daraja na tochi na wa pili atabaki juu akiandika. Asanteni, mwenye swali aulize.